Familia ya Chaki

Mwalimu Gervasi hakuwa mwalimu wa serikali, na hakupenda mtu amkumbushe jambo hilo. Alivuka ziwa mwaka wa sabini na mbili akiwa kijana, akitokea Burundi na nguo alizovaa. Kwa miaka mingi alibeba magunia bandarini Kigoma mchana, na jioni akasoma katika madarasa ya watu wazima pale Ujiji, mpaka akapata cheti cha Kiingereza. Cheti hicho alikitia kioo akakitundika juu ya kitanda, mahali ambapo wengine hutundika picha ya Bikira Maria.

Mkewe Agnesi, Muha wa Simbo, hakuacha kumtania. "Siku nyumba hii ikiungua," alikuwa akisema, "utaokoa cheti kwanza, halafu ndipo ukumbuke kuuliza mimi niko wapi."

"Wewe una miguu," Gervasi alijibu. "Cheti hakina."

Vita ilipowaka upya huko Burundi, watu wakaanza kumiminika tena. Walitembea hadi Kagunga, mpakani, na kutoka Kagunga mashua ziliwaleta Kibirizi, ufukweni mwa Kigoma, wakiwa na vigodoro, na masufuria, na watoto wasio wao. Gervasi alikuwa akienda kuwatazama wakishuka. Siku moja alirudi nyumbani hakula. Kesho yake akamwendea paroko, akaomba chumba cha nyuma kilichokuwa kikiwekwa viti vibovu, akanunua ubao, akaanza kufundisha Kiingereza bure.

Walikuja wengi, wakapungua, wakabaki sita. Aliyewashinda wote alikuwa Lyse, binti wa miaka kumi na tisa aliyekuwa akikaa kwa Bi Shadia, mwanika dagaa wa hapo Ujiji. Asubuhi Lyse alimsaidia Bi Shadia kutandaza dagaa mchangani, na mchana alikwenda zahanati kufua bandeji. Hakuna aliyemtuma huko. Alifua, akaanika, akakunja, na wauguzi walipokuwa wakimshona mtu alisimama mlangoni akitazama mikono yao. Mara moja alimwambia Gervasi kwamba anataka siku moja awe yeye ndani na mwingine awe mlangoni.

Basi shirika moja lilipokuja na tangazo kwamba litachukua vijana wakimbizi kwenda kusomea uuguzi Uganda, watu wa mtaa mzima walimtaja Lyse kabla hajajitaja mwenyewe. Sharti lilikuwa mtihani wa Kiingereza wenye sehemu tatu: ufahamu, sarufi na insha. Aliyefaulu zote angekwenda. Aliyeanguka hata moja angebaki.

Lakini ili jambo hili lieleweke, ni lazima turudi nyuma kidogo, siku darasa lilipofika kwenye somo la familia.

Kitabu cha Gervasi kilikuwa na somo hilo ukurasa wa mwanzo kabisa, kwa sababu waliokitunga waliona ndilo jepesi kuliko yote. Gervasi alimwita Bonfils, kijana mrefu mwenye mzaha mwingi, akamuuliza kwa Kiingereza, "Mko wangapi nyumbani kwenu?" Bonfils akasimama akitabasamu. Akafungua kiganja, akaanza kuhesabu vidole. Alipofika cha tatu akasita. Akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena. Tabasamu lilikuwa bado usoni, limesahauliwa hapo. Kisha akakaa. Armelle, aliyekuwa dawati la nyuma yake, alitoka nje na hakuonekana wiki nzima.

Gervasi alifunga kitabu. Yeye mwenyewe alikuwa na vidole vyake vya kukunja, tangu sabini na mbili.

Siku iliyofuata waliingia wakakuta ubaoni familia imechorwa kwa chaki. Baba mwenye kofia, mama, bibi, watoto, na ng'ombe mmoja mwekundu aliyechorwa kwa uangalifu kuwashinda watu.

"Hii ndiyo familia yetu," Gervasi alisema. "Nikiuliza habari za nyumbani, nauliza nyumba hii. Sitauliza nyingine."

"Baba anaitwa nani?" Bonfils aliuliza.

"Pastory."

"Na huyu ng'ombe mbona mnene kuliko baba?"

"Huyo usimguse. Huyo nimemleta mimi."

Wakacheka, na kicheko hicho kikafungua mlango. Kila mmoja akaanza kuleta kitu chake. Armelle alipanda mparachichi nyuma ya nyumba. Arakaza, aliyekuwa mkimya na mnene, alimpa bibi kiko cha kuvutia tumbaku. Bonfils alimpa baba baiskeli, akamwongezea na kengele. Kabla ya kitu kuingia ubaoni ilibidi wote wakubali, na mabishano yalikuwa makali kama ya watu wanaogawana shamba. Jioni wakiagana barabarani ungewasikia wakiulizana kwa Kiingereza, "Bibi amepata tumbaku?" na mwingine akijibu, "Amepata, lakini amekosa kiberiti." Watu wa Ujiji waliopita waliona ni wanafunzi wenye furaha, wala hawakukosea.

Lyse hakuleta kitu. Aliisoma familia, aliiandika, aliisahihisha hata pale Mwalimu alipoteleza, ila kutoa hakutoa. Mpaka jioni moja, somo likiwa la mambo mengine kabisa, akainua mkono akasema sentensi moja: mama hulala karibu na mlango.

"Kwa nini mlangoni?" Bonfils akasema. "Pana baridi pale."

"Ili akija mtu, amkute yeye kwanza."

Safari hiyo hapakuwa na ubishi. Gervasi aliiandika sentensi ile ubaoni pole pole, akaitafutia kosa kwa desturi yake, hakuliona.

Sasa, katika madarasa ya jioni ambako Gervasi alisomea, mtihani ulikuwa na njia yake. Mwalimu wake wa zamani alikuwa akisema kwamba mtihani hauulizi unajua nini, unauliza umeshika nini. Insha zilikuwa zile zile, ama soko, ama safari, ama familia. Ukikariri tatu umepita. Gervasi mwenyewe alikariri ya familia kutoka kitabuni, familia ya Kizungu yenye mbwa anayelala ndani, akaiandika neno kwa neno, na ndiyo iliyompa cheti. Hakuona aibu. Mbeba magunia ataokota wapi Kiingereza cha kubuni? Basi naye akawafundisha wanafunzi wake vivyo hivyo.

"Ya familia ikitokea," aliwaambia, "andikeni hii yetu. Msiongeze, msipunguze. Ukiongeza utakosea, ukipunguza utakosea."

Wakaikariri kwa pamoja, sauti moja, mpaka watoto wa mtaani wakaijua kupitia dirishani. Haikupita hata siku moja katika kichwa cha Gervasi kwamba yeye siku ile alikuwa peke yake na mbwa wake wa Kizungu, na hawa walikuwa sita.

Mtihani ulifanyika katika ukumbi huko Mwanga, mjini Kigoma. Msimamizi alikuwa Bi Leonia, mwanamke wa makamo kutoka Dar es Salaam, mwenye miwani iliyofungwa mnyororo na sauti ya kutosikika mbali. Gervasi alikaa nje barazani tangu asubuhi, amevaa koti. Ulipita ufahamu, ikapita sarufi. Karatasi za insha zilipogawiwa, Bonfils alitazama dirishani, akamkonyeza Mwalimu, akaigiza mtu anayepiga kengele ya baiskeli. Gervasi alijua ni familia. Akainuka, akatembea hadi chini ya mnazi, akarudi, akakaa, furaha imemjaa mpaka magotini.

Alasiri Bi Leonia alimwita ndani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama."

"Kaa. Vijana wako wamenishangaza. Huyu Lyse nimemsahihisha mara mbili nikidhani nimepitiwa. Nimekuwa nikisimamia mtihani huu mikoa mingi." Akaziinua karatasi nyingine, akazitandaza mezani. "Halafu nikafika kwenye hizi. Mzee, nina mabibi sita, wote wanavuta kiko. Nina baiskeli sita zenye kengele. Nina akina mama sita, na wote sita wanalala mlangoni."

Gervasi alicheka kidogo, akifikiri anasifiwa. Kisha akauona uso wake.

"Hawakuangalizia, mama. Familia ni moja."

"Ni ndugu?"

"Si ndugu."

Ikabidi aeleze. Alieleza vibaya, kwa kuanzia katikati, kwa ng'ombe, kisha vidole vya Bonfils, kisha Armelle aliyetoka nje. Bi Leonia alivua miwani, ikaning'inia kifuani.

"Nakuamini," alisema mwishowe. "Ila sijui nifanye nini na kuamini kwangu. Karatasi hizi zinakwenda makao makuu, zitasomwa na mtu ambaye hajaiona Ujiji. Ataona karatasi sita zinazofanana, atawafutia wote sita, na ufahamu na sarufi vitakwenda nazo."

"Wape mada nyingine. Soko. Safari. Wanajua."

"Mada si yangu. Imetoka kule imefungwa. Ninachoruhusiwa ni kusema sehemu moja iliharibika, irudiwe kesho asubuhi, mada ile ile. Waambie kila mmoja aandike ya kwao. Hata fupi. Nataka tu zisifanane."

Barabara kutoka Mwanga hadi Ujiji waliitembea kwa miguu, na Gervasi aliwaambia wakiwa njiani, maana alishindwa kuwatazama usoni wakiwa wamesimama.

"Kwa hiyo," Bonfils akasema, "tumefukuzwa nyumbani mara ya pili."

Arakaza aliuliza kama inaruhusiwa kuandika majina peke yake. Armelle alisema ataandika, hata kama atalia juu ya karatasi, wino ukichuruzika ni shauri lao. Lyse alikuwa mbele ya wote, anatembea haraka kama anayewahi kuanua nguo.

Jua lilipokuwa linateremka upande wa Kongo, Gervasi alimfuata kwa Bi Shadia. Akamkuta ufukweni anakusanya dagaa waliokauka, anawasukuma kwa ufagio wapande juu ya turubai.

"Lyse, mwana wanje," alisema, akimwita mwanangu kwa lugha yao ya nyumbani. "Kesho ni mistari michache tu."

"Najua, Mwalimu."

"Jina la mama. Jina la baba. Mlilima nini. Basi."

"Mama alilala mlangoni kweli."

"Hilo najua."

"Hulijui." Ufagio haukusimama. "Pale kwenye chaki nilimweka kwa sababu pale hakuna anayebisha hodi. Miezi yote hii tumekaa katika nyumba ile, umewahi kusikia hodi? Nikiandika ya kweli, lazima nimwandike aliyebisha."

"Ishia kabla. Hakuna anayekulazimisha kufika pale."

"Insha ina mwanzo, ina kati, ina mwisho. Wewe ndiye uliyetufundisha."

Gervasi alichutama, akaanza kuokota dagaa waliokuwa wamedondoka nje ya turubai, mmoja mmoja. Mawimbi madogo yalikuja, yakarudi.

"Basi buni," akasema. "Buni mama mwingine, wako peke yako. Alale jikoni, alale popote. Yule mama wa miwani anataka tu zisifanane. Kwa uuguzi, Lyse. Kwa kazi yako."

Hapo ndipo alipousimamisha ufagio.

"Mama wa kwanza nilimwacha mlangoni nikapitia dirisha la nyuma, kwa sababu yeye ndiye aliyeniambia nipite. Huyu wa pili unataka nimwache kwa sababu ya mtihani?"

Gervasi alirudisha macho mchangani. Aliokota dagaa. Walipokwisha akasimama, akapangusa magoti, akasema, "Uje lakini. Usiache kuja."

"Nitakuja."

Na alikuja. Alikuja amesuka nywele upya, amevaa sketi ya Bi Shadia iliyopigwa pasi. Wote sita walikaa mbali mbali ukumbini, na Gervasi hakukaa barazani safari hii, alikaa ng'ambo ya barabara. Arakaza alitoka wa kwanza. Akafuata Bonfils, ambaye aliandika mistari minne, hakumkonyeza mtu, akaenda kusimama ameegemea ukuta. Armelle alitoka uso umevimba. Lyse alitoka wa mwisho, amenyooka, akampita Mwalimu akamwinamia kwa heshima, akaendelea na njia ya Ujiji.

Bi Leonia alivuka barabara mwenyewe kumfuata, karatasi mkononi.

"Watano nitawapeleka," alisema. "Huyu ameniandikia ile ile. Neno kwa neno, Mzee, na mwandiko mzuri kuliko wa jana. Nilimsogelea nikamwambia, binti, hata ukidanganya, danganya kingine. Akaniambia, mama, huu si uongo. Nikamwachia muda zaidi. Akaketi tu mikono juu ya meza mpaka ukaisha."

"Unaondoka saa ngapi?"

"Gari linakuja mchana huu."

Gervasi hakuaga. Alipata baiskeli ya kukodi, akapanda nyuma, akamhimiza mwendeshaji mpaka Ujiji. Agnesi alikuwa anapepeta maharage uani alipomwona anaingia na koti lake, anapanda kitandani na viatu, anakishusha cheti kutoka kwenye msumari.

"Nyumba inaungua?" akauliza.

"Inaungua," Gervasi akasema, akatoka.

Aliporudi Mwanga alimkuta Bi Leonia mguu mmoja umeshaingia garini. Akamkabidhi kile kioo kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa mahari.

"Shika hiki," alisema, bado anahema. "Kiwe dhamana. Nilikipata kwa insha ya familia ambayo si yangu. Kama ni kosa basi kosa ni la huyu aliyefundisha. Nifutie mimi, mpitishe yeye."

Bi Leonia alikisoma cheti chote, tarehe na muhuri. Hakukisoma kwa haraka, na hilo Gervasi hakulisahau. Kisha akakifuta vumbi kwa upande wa kanga yake, akamrudishia.

"Ni cheti kizuri, Mzee. Ulikihangaikia. Lakini hakiwezi kumwandikia Lyse." Akaingia garini. Kabla dereva hajaondoa gari akashusha kioo cha dirisha. "Nilitaka kumuuliza yule mama wa mlangoni ilikuwaje. Nikaogopa angenijibu."

Vijana watano walisafiri kwa treni baada ya mvua za kwanza, kwenda Tabora, kisha Mwanza, kisha ng'ambo. Stesheni ya Kigoma ilijaa vikapu vya samaki wa migebuka na watu wanaoaga. Lyse alikuja kuwasindikiza, amebeba mfuko wa dagaa wa njiani. Bonfils alijitokeza nusu mwili dirishani, akamwita kwa Kiingereza katikati ya kelele zile:

"Lyse! Mnunulie bibi tumbaku!"

"Nitamnunulia."

"Na baiskeli isianikwe juani!"

Lyse aliinua mkono. Treni ikajivuta. Armelle, ambaye alikuwa amekaa ndani hataki kuonekana, alitoa mkono wake tu nje ya dirisha, ukabaki umetolewa hivyo mpaka lilipopotea behewa la mwisho.

Darasa liliendelea, maana mashua hazikukoma kufika Kibirizi. Wanafunzi wapya walipofika kwenye somo la familia, Gervasi aliwaambia wafungue ukurasa unaofuata, wa soko. Ubao alikuwa ameufuta mwenyewe kwa kitambaa chenye maji. Alianza na ng'ombe. Cheti hakukirudisha ukutani. Kilikaa chini ya kitanda kimeelekea ukuta, na Agnesi, mwanamke mwenye ulimi, hakulitania jambo hilo hata mara moja.

Lyse hakuja tena darasani. Alisema kazi ya dagaa imekuwa nyingi. Zahanati nayo aliacha kwenda, na wauguzi wakazifua bandeji wenyewe. Gervasi akikutana naye barabarani alimsalimu kwa Kiingereza, kwa kuwa lugha hiyo ndiyo iliyowakutanisha, naye alijibu kwa Kiswahili, kwa adabu, akainamisha kichwa. Baada ya muda Gervasi akaacha.

Siku moja ya kiangazi alipita ufukweni akamkuta peke yake katikati ya dagaa waliotandazwa, mchanga wote umekuwa fedha. Alikuwa ameinama, anawageuza. Gervasi alisimama pembeni, kofia mkononi. Alikuwa na mengi ya kusema, na mengine alikuwa ameyapanga njiani yakiwa na mwanzo, kati na mwisho. Yote yakamkimbia. Akajikuta anauliza, kwa Kiingereza, lile swali la familia ya chaki ambalo hakuwa ameliuliza tangu aufute ubao: habari za nyumbani, wote hawajambo?

Lyse hakuinua uso. Aligeuza dagaa mpaka mwisho wa safu, akasogea, akaanza safu nyingine. Alipojibu, alijibu kwa Kiingereza kile kile kisicho na kosa, na ilikuwa mara ya mwisho Gervasi kukisikia kinywani mwake.

"Hawajambo, Mwalimu. Mama bado analala karibu na mlango."